Distribyuta haikai chini na injini ya boti inapiga chafya: usikaze hiyo boliti

Swali nililoletewa, nimelifupisha kidogo: "Fundi, nina boti yenye injini ya V8 ya General Motors lita 5.7, petroli, ya kabureta. Nilitoa distribyuta nibadilishe gasketi ya intek manifoldi, sikuweka alama yoyote, na kijana wangu akapiga stata mara mbili tatu ikiwa nje. Sasa nikiirudisha haikai chini, inabaki juu kama nusu sentimita. Nimeambiwa nikaze tu boliti itashuka yenyewe. Nilijaribu kuwasha ikiwa hivyo hivyo, ikapiga chafya na moto ukatoka juu ya kabureta. Nifanyeje? Na taiming naiwekaje, sina taa ya taiming, fundi wa magari anasema yeye anaweka kwa sikio."

Mkuu, hiyo boliti iache kwanza, hata usiiguse. Aliyekuambia ukaze itashuka anataka kukuulia injini, labda hajui, ila ndo matokeo yake. Ngoja nikueleze kwa nini maana ukishaelewa hapo mengine yote yatakuwa mepesi.

Chini ya distribyuta, kile chombo kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi, kuna gia, hiyo inashikana na meno ya kemshafti (shafti inayofungua valvu), hiyo kila mtu anaijua. Kitu ambacho watu wanasahau ni kwamba chini ya gia kuna kiulimi, na kile kiulimi kinaingia kwenye mfereji ulio kichwani mwa kijishafti kirefu kinachoshuka mpaka kwenye oili pampu. Yaani distribyuta ndo inazungusha oili pampu. Sasa ulipoitoa, kile kijishafti kikabaki kimeangalia upande wowote kilipojisikia, na unapoirudisha gia inashika kemshafti vizuri tu lakini ulimi unakaa juu ya kichwa cha shafti badala ya kuingia mferejini. Hiyo nusu sentimita unayoiona ndo ulimi umekalia shafti. Ukikaza klempu, kile kibano cha boliti kinachoishikilia, hapo unavunja sikio la distribyuta ambalo ni alumini, au ikishika kwa bahati mbaya injini inawaka bila oili pampu kuzunguka, na injini isiyo na presha ya oili haikupi muda wa kujuta.

Kwa hiyo itoe tena. Ukiitoa angalia meno ya ile gia yote kwa tochi, kwa sababu ulipiga stata ikiwa imekaa nusu nusu. Kama jino limemeguka au limelika upande mmoja usirudishe, na kile kipande cha jino ukitafute mpaka ukipate kabla hujafanya kitu kingine.

Halafu huo moto uliotoka juu ya kabureta. Nina wasiwasi kwamba ulikuwa umetoa ile fleimu aresta, kile kichujio cha chuma kinachokaa juu ya kabureta. Kwenye gari ukitoa ea klina ukapiga stata, ikipiga chafya unacheka. Kwenye boti mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa kwenye ngama chini ya injini hauendi popote, na chafya moja tu inatosha. Aresta irudi mahali pake kabla ya kupiga stata, kila mara, hata kama unajaribu tu. Fungua kifuniko cha injini, nusa kwa pua yako, washa feni ya kutoa mvuke angalau dakika 4 ndo uguse ufunguo. Na kwa sababu hiyo hiyo usije ukashawishika kununua distribyuta ya gari kisa ni bei rahisi na inaingia tundu lile lile. Ya boti matundu yake ya kupumua yana vyandarua vya chuma vinavyozuia cheche ya ndani isitoke nje, inatengenezwa na kupimwa kwa kiwango cha SAE J1171. Ya gari haina. Stata na alteneta hivyo hivyo, za gari zibaki kwenye gari.

Haya turudi kwenye kazi. Umepoteza alama na injini imezungushwa, sawa, haina shida kubwa, tunaanza upya kana kwamba distribyuta haijawahi kuwepo.

Tafuta silinda namba 1. Kwenye hizi V8 za GM ni ya mbele kabisa mkono wa kushoto, ukisimama upande wa flaiwili ukitazama mikanda. Kuna boti ambazo injini imegeuzwa mikanda inaangalia nyuma, kwa hiyo usihesabu kwa pua ya boti, hesabu kwa mikanda. Ukichanganyikiwa angalia ile safu ya silinda iliyosogea mbele kidogo kuliko mwenzake, hiyo ndo yenye namba 1. Kushoto ni 1-3-5-7, kulia ni 2-4-6-8.

Chomoa waya hasi wa betri, toa plagi zote nane ili injini izunguke laini, weka kidole kwenye tundu la plagi namba 1 na mwenzako azungushe krenki, shafti kuu ya injini, kwa spana kwenye boliti ya puli, mkono, sio stata. Zungusha kuelekea upande injini inakozungukia. Kuna wakati kidole kitanyonywa, hapo bado, na kuna wakati upepo utakisukuma kidole kwa nguvu, hapo ndo pistoni inapanda kwenye kompresheni. Ukisikia hivyo anza kuangalia mstari wa kwenye puli ukisogelea kile kibati chenye namba. Hii ya kidole usiiruke! Krenki inazunguka mara mbili kwa kemshafti kuzunguka mara moja, kwa hiyo ule mstari unafika kwenye sifuri mara mbili, mara moja kwenye kompresheni na mara moja ekzosi inatoka, na kwa macho huwezi kutofautisha. Ukikosea hapo rota (kile kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta kikipeleka umeme kwa kila waya) itaangalia upande wa pili kabisa, plagi inapiga valvu ya intek ikiwa inafunguka, na matokeo yake ni chafya na moto juu kama uliyoipata. Mimi nikisikia mtu anasema "imepiga chafya kwenye kabureta haikuwaka kabisa" baada ya kurudisha distribyuta, nusu ya jibu ninalo tayari.

Usiipeleke mpaka sifuri. Isimamishe kwenye digrii unayotaka kuwashia (hiyo ndo taiming, yaani cheche iruke pistoni ikiwa imebakiza digrii ngapi kufika juu), na nyingi za hizi 5.7 za kabureta zinaangukia 8 au 10 kabla ya TDC, ile pointi pistoni ikiwa juu kabisa. Namba sahihi ya injini yako iko kwenye stika au kitabu chake, hiyo ndo uifuate, maana mfumo wa moto umebadilishwa badilishwa miaka tofauti. Ukiipita usirudishe nyuma kidogo ukaacha, rudisha robo mzunguko kisha uje tena mbele, cheni ya taiming ina ulegevu wake na ukija kwa nyuma inakudanganya.

Sasa kutumbukiza. Gia imekatwa mshazari, kwa hiyo distribyuta ikishuka rota inajizungusha yenyewe kidogo ikifuata meno. Kwenye GM ukiitoa rota inarudi kinyume cha saa, ukiiingiza inakwenda mwendo wa saa. Maana yake ukiilenga rota sawasawa na namba 1 ikiwa juu, ikishuka itakuwa imepita. Ilenge nyuma kidogo, shusha, angalia imeishia wapi, toa, rekebisha, shusha tena. Mara ya tatu au ya nne utaipata, na usione aibu, mimi mwenyewe mara ya kwanza sijawahi kuipata. Gia ya hizi ina meno 13 kwa hiyo jino moja ni karibu digrii 28 za distribyuta, na nafasi kutoka tundu moja la kifuniko mpaka jingine ni digrii 45. Ukikosea jino moja utaona wazi kwamba rota haiangalii tundu, imesimama katikati katikati.

Kabla hujashusha chukua bisibisi bapa ndefu, tumbukiza kwenye tundu, utagusa kichwa cha kile kijishafti cha oili pampu, kizungushe taratibu mfereji wake uwe sawa na mahali ulimi utakapoangalia distribyuta ikiwa imeshuka. Kadiria tu kwa jicho. Ikigoma bado kuna njia ya wavivu ambayo naipenda zaidi: shusha mpaka gia ishike na rota iwe inaangalia unapotaka, halafu ishikilie kwa mkono, kiganja tu, bila boliti, na mwenzako azungushe krenki polepole kwa spana. Mahali fulani ulimi utakutana na mfereji na utaisikia inadondoka "tok" mpaka chini, flenji inalala kwenye manifoldi bila hata nafasi ya kupitisha karatasi. Endelea kuzungusha mpaka urudi kwenye ile digrii ya kompresheni, uhakikishe rota bado iko kwa namba 1. Gasketi yake ya chini usisahau kuiweka kabla ya yote haya, kuna mtu atamaliza kila kitu ndo aione iko mezani.

Weka klempu na boliti, kaza kiasi kwamba ukitumia nguvu ya mkono bado inageuka.

Waya za plagi: hii injini rota inazunguka mwendo wa saa ukiitazama kwa juu, mpangilio ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Anzia tundu ambalo rota inaliangalia, liite namba 1, zunguka nalo mwendo wa saa. Waya ya 5 na ya 7 zitenganishe, usizilaze pamoja zikibanana, maana zinafuatana kuwaka na silinda zao zimepakana, moja inaweza kuiambukiza nyingine umeme na injini ikaanza kumisi au kugonga (mafuta kulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake) ukaja kulaumu kabureta. Kama boti yako ina injini mbili za shafti, angalia kwanza kama moja yao sio ya kuzunguka kinyume, hizo mpangilio wake ni 1-2-7-5-6-3-4-8, na watu wanateseka siku nzima kwa ajili ya hilo tu. Kama una Ford usifuate hata kimoja cha hivi vya waya, rota zake zinazunguka kinyume cha saa na mpangilio ni mwingine.

Kama bado unatumia platini (zile kontakti za ndani ya distribyuta zinazofunga na kukata umeme wa koili), weka nafasi ya platini kwanza, karibu milimita 0.4, au dwel, yaani digrii ambazo platini inabaki imefunga, 28 mpaka 32 kama una mita, NDO uje kwenye taiming. Ukifanya kinyume chake utarudia, kwa sababu ukibadilisha platini taiming inahama nayo: nafasi ikipungua dwel inaongezeka na moto unachelewa.

Kuweka taiming ya kuwashia tu injini ikiwa imezima ni rahisi. Rudisha betri, krenki iko kwenye ile digrii, washa ufunguo bila kupiga stata, toa waya ya kati ya koili kwenye kifuniko uiweke kwenye kipima cheche kilichofungwa kwenye bodi ya injini (usiiache inaning'inia, moduli za kielektroniki zinaungua hivyo, na usifanye hivi kama unasikia harufu ya petroli). Geuza bodi ya distribyuta mwendo wa saa kidogo, kisha irudishe polepole sana kinyume cha saa. Pale cheche inaporuka, simama. Kaza kidogo. Hapo injini itawaka, na itawaka kwa mguso wa kwanza, lakini kazi haijaisha, hapo umefika mlangoni tu.

Kabla ya kuiwasha, maji. Kama boti iko nchi kavu valisha mguu wa propela yale maskio ya mpira ya bomba la maji na ufungulie maji, impela ya pampu ya maji ikizunguka kavu inaanza kuungua ndani ya sekunde, sio dakika. Na kama boti iko majini na injini inakataa kuwaka usikae unapiga stata dakika tano mfululizo. Pampu inaendelea kusukuma maji kwenye ekzosi na hakuna moshi wa kuyatoa, kwenye boti zenye mafla ya maji yanaweza kurudi mpaka kwenye silinda, na pistoni ikikutana na maji kinachopinda ni koni rodi. Piga kidogo, acha, fikiria.

Ikiwaka, jicho la kwanza ni geji ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde chache zima, ulimi haujaingia.

Sasa taa. Ndugu yangu taa ya taiming inunue au iazime, hapa sikupi njia ya mkato. Fundi wako wa magari simlaumu, kwenye gari akiweka kwa sikio, mbele kidogo mpaka igonge halafu arudishe, gari litatembea. Gari linapanda mlima dakika tatu halafu linashuka, muda mwingi injini inatumia nguvu kidogo, na ikigonga dereva anasikia akaachia mafuta. Boti ni gari linalopanda mlima kutoka asubuhi mpaka jioni bila kushuka, hakuna kuteleza, ukiachia mafuta inasimama. Injini iko kwenye mzigo muda wote, imefungiwa chini ya kifuniko, ekzosi inanguruma ndani ya maji, upepo, mawimbi yanapiga tumbo la boti. Kugonga kwa taiming iliyozidi HUSIKII. Ndo maana hata distribyuta nyingi za boti hazina ile vakyumu ya kuongeza taiming kama ya gari, injini karibu haipati muda wa kutembea bila mzigo. Niliwahi kuweka moja kwa sikio nikiwa kijana, ilikuwa inawaka kwa robo ya ufunguo na ikitulia ni kama saa ya ukutani, mwenye boti akanisifia kabisa. Wiki chache baadaye tukafungua hedi, pistoni mbili zimetoboka kama zimechomwa na welding. Injini inayotulia vizuri ikiwa haina mzigo haikuambii chochote kuhusu digrii ilizonazo ikiwa kwenye mzigo.

Klempu ya taa ivalishe waya namba 1, injini iwe imepata moto wake wa kawaida, mzunguko wa chini kabisa, 600 mpaka 700 hivi kwa dakika. Kama mfumo wako ni wa kielektroniki una njia yake ya kufungia taiming ya msingi, kuna unaoweka waya fulani kwenye athi, kuna wenye kijampa, hiyo ifanye kwanza, bila hivyo kompyuta ndogo inaongeza na kupunguza yenyewe na wewe unakimbizana na mstari unaocheza. Kama injini ni ya injekta yenye sensa ya krenki, kugeuza distribyuta hakubadilishi taiming kabisa, kunapoteza tu rota na tundu lake, hiyo ni habari nyingine inayotaka skana. Yako ni kabureta kwa hiyo endelea: kinyume cha saa unaongeza, mwendo wa saa unapunguza, gusa kidogo tu maana digrii moja ya distribyuta ni mbili za krenki. Nywele, mikono na waya wa taa mbali na mikanda, mwanga wa ile taa unafanya puli ionekane imesimama na watu wameshawahi kuishika.

Halafu pandisha taratibu mpaka mizunguko 3000 na zaidi kidogo uangalie jumla ya digrii zote za taiming. Huu ndo mstari unaoua au kuokoa injini. Kwa V8 hizi ikiwa kwenye 28 mpaka 32 nalala usingizi, ikivuka 34 nairudisha hata kama mwenye boti analalamika kwamba ilikuwa nyepesi zaidi. Ikipanda kwa kuruka ruka au ikakwama juu ukipunguza mafuta, springi na vipande vya uzito vilivyo chini ya rota vimeshika kutu, ndo chumvi hiyo, vifungue uvisafishe.

Kibati chako kinaweza kisiwe na namba mpaka 30. Chukua uzi, pima mzingo wa puli ile ya balansa, gawanya kwa 36 unapata digrii 10, gawanya kwa 12 unapata 30, weka alama kwa rangi nyeupe ukihesabu kutoka kwenye mstari wa zamani kuelekea upande puli inakozungukia. Balansa ya nchi 8 mzingo wake ni kama milimita 638, digrii 10 ni karibu 18 na 30 ni karibu 53.

Ila hakikisha ule mstari wenyewe ni mkweli. Balansa ni pete ya nje iliyogandishwa kwa mpira kwenye kitovu, injini ikizeeka mpira unaachia na pete inateleza, mstari unahama nayo, na wewe unaweka digrii 10 kumbe ni 20. Zima injini, chomoa betri, toa plagi namba 1, weka kizuizi cha pistoni kwenye tundu, zungusha kwa mkono mpaka igote upande mmoja, chora, zungusha kinyume mpaka igote tena, chora. Katikati ya alama mbili ndo TDC ya kweli. Kama mstari wa kiwandani hauko hapo, balansa ni ya kubadilisha, na hata kabla hujaibadilisha usiamini namba yoyote uliyosoma. Kwa injini ambayo hujui historia yake mimi ningeanza na hiki hata kabla ya kushusha distribyuta.

Ukiridhika kaza boliti ya klempu, kisha ipige taa tena, maana kukaza kwenyewe huwa kunaihamisha digrii mbili tatu. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye bodi ya distribyuta mpaka kwenye manifoldi, na alama nyingine kwenye ukingo wa bodi pale rota inapoangalia ikiwa namba 1. Toka nayo majini saa moja hivi kwa mwendo wa kawaida, sio kuikamua, ukirudi toa plagi uziangalie: chembe chembe nyeupe zinazong'aa kwenye udongo mweupe wa plagi ni alumini ya pistoni, ukiziona punguza digrii siku hiyo hiyo kabla hujatoka tena.